Daftari Lililoangusha Watu Tisa

Kila asubuhi nyumbani kwetu Songo, mjini Uvira, kila mtu ana kazi yake. Mama Sabine anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Kuku wanakuja kuiba, anawafukuza, wanarudi. Baba Firmin anafunga nyundo ya mpira na uzi wa kupimia ndani ya gunia. Yeye ni fundi wa karo, vile vipande vya mraba vya kutandika sakafuni. Anazipanga katika nyumba za watu. Sakafu yetu sisi ni ya udongo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kulala. Naitwa Junior. Nasoma internat, yaani shule ya bweni, na nilikuwa nimekuja likizo kubwa ya mwezi wa saba. Mtu aliyekula maharagwe ya internat miezi kumi ana haki ya kulala. Hilo naamini limeandikwa mahali fulani katika sheria za nchi.

Lakini mwaka huu sikulala. Dada yangu Fabiola alikuwa anakariri hesabu nje ya dirisha langu.

"A plus b au carré, ni a carré plus b carré," alisema. Carré ni namba kuzidishwa kwa yenyewe. "A plus b au carré, ni a carré plus b carré."

Alisema hivyo akisugua masufuria. Alisema hivyo akifagia. Mara ya kwanza nilicheka ndani ya shuka. Mara ya pili nilijiuliza maneno yale nimeyasikia wapi. Mara ya tatu niliketi kitandani, na usingizi wote ukaisha.

Maneno yale yalikuwa yangu. Na yalikuwa uongo.

Acha nieleze kwa utaratibu, kama mtu aliye mbele ya hakimu wa tribinali.

Fabiola ana miaka kumi na sita. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa humanités, yaani sekondari ya juu, upande wa sayansi. Katika hesabu alipata sifuri. Si yeye peke yake. Watoto tisa wa Songo, wa darasa moja, walipata sifuri siku moja. Mwalimu wao aliweka karatasi tisa juu ya meza akasema, "Karatasi tisa, kosa moja, sehemu moja. Ama mumeibiana, ama shetani mmoja ndiye aliwasomea." Akaandika sifuri tisa kwa kalamu ya bic nyekundu.

Walilia kwamba hawakuibiana. Nani angewaamini? Hata mimi nisingewaamini.

Ilibaki nafasi moja tu: repêchage, mtihani wa pili kwa walioanguka, tarehe ishirini mwezi wa nane. Kwa wengine, kushindwa kungekuwa kurudia mwaka. Kwa Fabiola ilikuwa vibaya zaidi. Yeye alikuwa amekwisha kurudia mwaka mmoja. Shule yao hairuhusu kurudia mara mbili. Akianguka tena, anatoka.

Na baba alikuwa amekwisha kusema. Alisema mezani, bila hasira, na hilo ndilo lilitisha.

"Ukianguka, utaenda Nyakabere kwa shangazi yako. Kule iko mpunga. Shamba haliko na repêchage."

Fabiola alichukua daftari langu, akaenda nyuma ya nyumba.

Ndiyo, daftari langu. Lile nililoandika nikiwa mwaka wa kwanza wa humanités. Nyumbani lilifungwa ndani ya plastiki, likakaa sandukuni pamoja na Biblia na nyimbo za kanisa. Mama aliliazimisha mtaani kama watu wanavyoazimana kinu. "Ni cahier ya Junior," alisema. "Junior iko na akili ya kuzaliwa nayo. Lakini murudishe safi."

Msimlaumu mama. Mwaka huu wa masomo shule zilifungwa wiki nyingi kwa sababu ya milio ya silaha. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Watoto waliporudi darasani walikuwa themanini, watatu watatu juu ya benchi moja. Mwalimu alikuwa na haraka. "Hii mulishaisoma," alisema, "tuendelee." Hawakuwa wameisoma. Basi daftari langu ndilo likawa mwalimu. Fabiola alinakili kwake, wenzake wanane wakanakili kwa Fabiola. Na katikati ya daftari, ndani ya kisanduku chekundu, niliandika kwa mwandiko mzuri sana:

MUHIMU: (a + b)² = a² + b²

Kule internat vijana wa chumba chetu walikuwa wananiibia daftari chini ya godoro, usiku wa kuamkia mazoezi. Nikatega mtego. Niliandika kanuni ya uongo kwa rangi nyekundu, kwa sababu mwizi hupenda rangi nyekundu. Ile ya kweli niliiweka kichwani. Kesho yake vijana wanne walipata mbili juu ya ishirini. Walinipiga kidogo, tukacheka mwezi mzima. Nikaitwa Solomono wa bweni. Nilifurahi sana, na sikufuta.

Sasa mtego ulikuwa umekamata dada yangu.

Ndugu msomaji, hapa ungefikiri nilitoka mbio nikasema kweli. Mimi pia ningependa kuandika hivyo. Nilikaa kimya siku kumi na tisa.

Siku ya tatu nilijaribu.

"Fabiola, labda ile kanuni nyekundu iko na kasoro."

"Kasoro iko mu kichwa yako. Si weye uliandika?"

"Ni minye," nilikubali.

"Na ulipata ngapi mwaka ule?"

"Kumi na nane juu ya ishirini."

"Basi niache nisome. Minye siko na akili kama yako. Nakariri tu."

Nikaenda kuwafukuza kuku. Nilijiambia nitasema kesho. Nilijua kwamba nikisema, baba atajua, mtaa mzima utajua, na Solomono atapata aibu. Kwa hiyo kila siku nilisogeza kesho mbele.

Siku ya kumi na tano alikuja Fiston. Ni jirani yetu, ana miaka kumi na saba, na alikuwa mmoja wa wale tisa. Fiston ndiye mtu pekee wa Songo anayejua kuiga sauti ya prefe, yaani mkuu wa shule, mpaka watoto wanasimama wima. Siku hiyo hakuiga mtu. Alikuwa na mfuko mdogo mgongoni.

"Naenda Misisi," alisema. "Mjomba iko kule anachimba dhahabu. Lori inatoka sasa hivi."

"Na repêchage?"

"Ya nini? Nilikariri mpaka naota. Nilifanya vile vile kama iliandikwa, na bado sifuri. Sasa minye naelewa. Siko muntu wa shule."

"Fiston, ngoja..."

"Cahier yako ilikuwa muzuri, Junior. Ni kichwa yangu ndiyo mbaya."

Alinipa mkono. Nilifungua mdomo. Honi ya lori ikalia barabarani, akakimbia. Niliufunga mdomo.

Siku nne zilipita hivyo. Sikuweza kula. Mama alifikiri nina malaria.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa alipita Mukamusoni. Huyu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeshuka kutoka milima ya Rurambo wakati wa fujo. Anauza maziwa kwa bidoni, yaani dumu, mlango kwa mlango. Mtaani wanamwita Mama wa Maziwa, na hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo.

Alikuwa anapima maziwa yetu kwa kikombe. Fabiola alikuwa anasugua sufuria.

"A plus b au carré, ni a carré plus b carré..."

Mukamusoni alishusha kikombe.

"Mwanangu, rudia."

Fabiola alirudia.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Cahier ya kaka yangu. Anasoma internat."

"Basi tusimuulize kaka. Tuulize namba. A iwe mbili, b iwe tatu. Mbili na tatu, jumla?"

"Tano."

"Tano mara tano?"

"Makumi mbili na tano."

"Sawa. Sasa fuata daftari. Mbili mara mbili?"

"Ine."

"Tatu mara tatu?"

"Kenda."

"Ine na kenda?"

"Kumi na tatu."

Fabiola alihesabu tena kwa vidole, vyote vikiwa na majivu ya sufuria.

"Nimekosea kuzidisha," alisema.

"Hukukosea."

"Basi hizi namba ndizo ziko na makosa. Tuchukue zingine."

Walichukua moja na moja. Upande mmoja ulitoa nne, upande mwingine mbili. Walichukua a iwe kumi na b iwe moja, ikawa mbaya zaidi. Fabiola aliliamini daftari langu kuliko alivyoamini mbili mara mbili.

Mama aliacha ndagala zake.

"Madame, cahier hiyo watoto tisa wamesomea."

"Ndiyo sababu tisa wameanguka, mama."

"Na weye, unauza maziwa, hesabu ulizijulia wapi?"

Mukamusoni hakukasirika. "Nilifundisha hesabu miaka sita kule Rurambo, mpaka shule ikafungwa. Nilipofika hapa, watu waliniuliza kama niko na maziwa. Hakuna aliyeniuliza kama niko na hesabu."

Mama alitazama chini. Baba, aliyekuwa anatoka na gunia lake, alisimama.

"Papa Fabiola," Mukamusoni alisema, "chumba cha karo tano kwa karo tano, kinakula karo ngapi?"

"Makumi mbili na tano," baba alijibu bila kufikiri.

"Mtu akikuletea kumi na tatu?"

"Namrudisha dukani. Inapunguka kumi na mbili."

"Hizo kumi na mbili zinaenda wapi?"

Baba aliweka gunia chini. Alitoa vipande vya karo vilivyobaki kutoka kazini, akapiga magoti uani. Alipiga mstari wa mraba mkubwa juu ya udongo kwa ncha ya kisu. Kwenye kona moja alipanga karo mbili kwa mbili. Kwenye kona ya pili, ile inayotazamana nayo, alipanga tatu kwa tatu.

"Hii ni ine. Hii ni kenda," alisema. "Lakini angalia. Hapa pamebaki wazi, mbili kwa tatu. Ni sita. Na hapa vilevile pamebaki wazi, mbili kwa tatu. Ni sita. Muntu atapita hapa atavunja mguu."

"Zile mbili zilizo wazi," Mukamusoni alisema, "kila moja ni a mara b. Ziko mara mbili."

Alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika juu ya bati la mlango wa jiko:

(a + b)² = a² + 2ab + b²

Baba alitazama herufi zile muda mrefu. Yeye aliacha shule darasa la sita la msingi.

"Kumbe ni hii ndiyo banataka kule shuleni?" alisema polepole. "Hii minye nafanya kila siku."

Fabiola hakuwa anatazama bati. Alikuwa anatazama daftari. Mukamusoni alilichukua, akafunua ukurasa wa kisanduku chekundu.

"Mtu wa mwandiko huu si mjinga," alisema. "Kurasa za nyuma amefanya vizuri. Kwa nini hapa tu?"

Akanitazama. Wote wakanitazama. Hata kuku, nadhani.

Nilisema. Nilisema yote: wezi wa bweni, rangi nyekundu, Solomono, siku kumi na tisa. Nilijaribu kuanza kwa maneno makubwa. Yalikwisha mdomoni haraka sana.

"Ulijua?" Fabiola aliuliza. "Nilikuwa nakariri hapo dirishani, na ulijua?"

"Ndiyo."

"Na Fiston alipokuja kuaga?"

"Ndiyo."

Hakunipiga. Ningependa anipige. Alikaa chini kando ya karo akalia kama mtu aliyechoka, bila sauti. Baba naye hakupiga. Alikusanya vipande vyake kimoja kimoja, akaviweka ndani ya gunia, akasema neno moja, "Tisa." Akaenda kazini.

Siku hiyo nilipewa kazi, na Mukamusoni ndiye aliyenipa. Nilipaswa kuingia nyumba zote nane za wenzake Fabiola, kusema kweli mbele ya wazazi, na kuonyesha kanuni sahihi kwa namba. "Usiombe wakuamini," alinionya. "Waambie wajaribu wenyewe."

Mama yake Naomie, msichana mmoja wa wale tisa, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtoto wa Sabine, minye nilikuwa nakuombea kanisani. Nilisema Mungu ampe Naomie kichwa kama ya kwako." Aliingia ndani akafunga mlango. Baba mmoja alinifukuza na ufagio. Huyo alinisaidia, kwa sababu kukimbia kulinipumzisha.

Nyumba ya nane ilikuwa ya Fiston. Mama yake alipiga simu mbele yangu. Simu ya Fiston ilikuwa imefungwa. Nikaandika barua, nikampa dereva wa lori linalobeba mafuta kwenda Misisi. Niliandika: "Kichwa chako si kibaya. Kanuni ile ilikuwa mtego wangu. Rudi kabla ya tarehe ishirini."

Nilienda pia kwa prefe wao. Alinisikiliza akikuna kichwa.

"Kwa hiyo hawakuibiana."

"Hapana, bwana prefe. Ni mimi."

"Nitaiondoa ile habari ya wizi katika dosie zao za shule. Lakini karatasi ilikuwa na makosa, na makosa ni makosa. Wafanye repêchage."

Ilibaki chini ya mwezi mmoja.

Encadrement, yaani masomo ya ziada, ilianza uani kwa Mukamusoni saa moja asubuhi, akimaliza kugawa maziwa. Wazazi walikubaliana kumlipa kwa kazi: huyu anamchotea maji, yule anasaidia kuosha bidoni. Walikuja watoto wanane. Ubao ulikuwa bati la mlango. Chaki ilikuwa makaa.

Kila mtu alifikiri wataanza na mtihani ulioangusha. Mukamusoni hakuanza hapo. Aliwapa maswali kumi madogo. La kwanza mtoto wa darasa la tano angeliweza. La mwisho lilikuwa la kwao. "Sitaki jumla," alisema. "Nataka kujua swali la kwanza lililokushinda."

Fabiola alishindwa swali la nne. Lilikuwa la sehemu: nusu jumlisha theluthi. Aliandika mbili juu ya tano.

"Niko wa humanités, na ananirudisha primaire, shule ya msingi!" alilia nyumbani jioni. "Watoto wadogo wanapita njiani wananiona naandika sehemu!"

Baba alikuwa anaosha mikono. "Karo ya kwanza ikipinda," alisema, "ya ishirini utaiweka namna gani? Minye nikiona imepinda, nabomoa. Bwana wa nyumba anakasirika. Nabomoa tu."

Kesho yake Fabiola alirudi. Alikaa na sehemu siku nne. Walikata karatasi vipande, wakaona nusu ni vipande vitatu vya sita, na theluthi ni viwili, na pamoja ni vitano vya sita. Kisha wakapanda: hesabu za herufi, kisha milinganyo, kisha zile za mtihani. Kila kanuni mpya Mukamusoni aliwakataza kuinakili kabla hawajaijaribu kwa namba ndogo. Na zoezi lilifanywa daftari likiwa limefungwa. Ukikwama, unamweleza mwenzako umekwama mstari gani. Ukisema "sielewi yote", anakurudisha: "Yote haipo. Niambie mstari."

Daftari langu halikuchomwa, ingawa mimi niliomba. Aliwapa walikague, watafute makosa. Walipata manne. Moja lilikuwa la mzaha. Matatu yalikuwa ya ujinga wangu halisi, na hayo nilikuwa nimeyabeba miaka miwili bila kujua. Nilikaa benchini pamoja nao.

Usifikiri mambo yalikwenda vizuri. Siku mbili mji ulifungwa, hakuna aliyetoka nje. Wiki ya tatu Mukamusoni alitoa mtihani wa kujipima. Fabiola alipata tatu juu ya kumi. Naomie alipata moja.

Fabiola aliniuliza swali moja tukirudi nyumbani, na ndiyo mara ya kwanza kwa wiki tatu aliongea nami.

"Junior. Kama usingeandika ile, ningepita?"

Nilitaka kusema ndiyo, ili kosa lote liwe langu. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo.

"Sijui. Sehemu hukuzijua."

"Kumbe niliharibikiwa kabla yako."

"Ndiyo. Halafu mimi nikaongeza."

Alitembea mbele. Jioni alimwonyesha baba karatasi yake. Zamani baba angeuliza, "Umepata ngapi?" Safari hii alivuta kigoda akasema, "Nionyeshe ulivyofanya." Hakuelewa nusu ya mambo. Lakini Fabiola, akimweleza mstari wa tano, alisimama katikati ya sentensi. Aliona kosa lake mwenyewe. Baba hakuwa amesema kitu.

"Endelea," baba alisema.

"Ngoja, papa. Ngoja."

Alifuta, akaandika upya.

Tarehe ishirini walikwenda wanane. Majibu yalibandikwa ukutani wiki moja baadaye. Fabiola alikataa nimsindikize, kwa hiyo nilimfuata kwa mbali kama mwizi. Alisoma jina lake: hamsini na nne juu ya mia. Amepita. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliteremsha kidole kwenye orodha, jina kwa jina. Sita wa Songo walikuwa wamepita. Wawili walianguka, mmoja wao Naomie. Mbele ya jina la Fiston waliandika: hayupo.

Nyumbani mama aliimba. Baba alipiga simu Nyakabere kuuliza kama shangazi anaweza kupata mtu mwingine wa kuvuna mpunga. Kisha akaenda kwa Mukamusoni na mchanga na simenti, akamtengenezea ukuta laini wa kuandikia, akaupaka rangi nyeusi. Sasa watoto kumi na saba wanakuja kila asubuhi. Naomie ni wa kwanza kufika. Atarudia mwaka, na ameanza kwenye swali lake la pili, lile la kwanza kumshinda. Mukamusoni watu bado wanamwita Mama wa Maziwa kwa mazoea, kisha wanajirekebisha: "Mwalimu."

Mzazi unayesoma hapa, mtoto wako akianguka hesabu, usikimbilie kusema kichwa chake ni kibaya. Tafuta mtu anayejua, pengine anapita mlangoni pako kila siku. Mwombe atafute mahali pa kwanza mtoto alipokwama, aanzie hapo, hata kama ni darasa la tano. Na usilinde daftari la mtu kama Biblia. Hayo ndiyo Mukamusoni alinituma kuandika, na ni kweli, nimeyaona.

Jana dereva wa lori alirudi kutoka Misisi. Mama yake Fiston alinipeleka kumsikiliza.

"Nilimpata," dereva alisema. "Iko kwenye shimo, mbali, hakuna réseau ya simu. Amekonda kidogo, lakini iko muzima. Barua nilimpa mkononi."

"Aliisoma?" mama yake aliuliza.

"Aliisoma mara mbili. Akacheka. Akaniuliza: Junior anataka kunidanganya nini tena?"

Dereva alipangusa mikono yenye mafuta.

"Nilimwambia sijui, minye nabeba mafuta ya mazutu tu. Akaikunja, akarudi kazini."

Mama yake Fiston alinitazama. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Prefe alisema nafasi yake ya kurudia mwaka inamngoja mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, mama."

"Sasa nani atamwandikia?"

Tulikwenda kwa Mukamusoni. Aliandika yeye, kwa jina lake, akapiga sahihi. Prefe aliongeza muhuri wa shule. Barua ya pili imeondoka leo asubuhi, na lori linachukua siku tatu kufika kama barabara ni nzuri. Jina langu halimo ndani. Hayo yalikuwa maombi yangu.